Lori Lisilotoa Moshi

Kule Kihesa, mgeni akitangazwa, ua hufagiliwa mara mbili, glasi huazimwa kwa jirani, na kuku mmoja huaga dunia. Devota Kalinga alilelewa hivyo, akaolewa hivyo, na sasa, mvi zikiwa zimeanza kumtoka, bado alikuwa hivyo hivyo. Kwa hiyo serikali ilipomwandikia kwamba wakaguzi wangependa kuliona lori lake, alifanya kile ambacho mwanamke yeyote mwenye haya zake angekifanya. Ndipo mambo yalipoharibikia.

Lori lenyewe lilikuwa la marehemu mumewe, Adrian. Kwa miaka kumi na tisa lilikuwa likibeba mchele kutoka vinu vya Ubaruku kuuleta Iringa, na nyuma Adrian alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu ACHA WASEME. Adrian alipofariki, ndugu zake walikaa kikao wakataka liuzwe. Devota aliinuka katikati ya wanaume akasema atakayeliuza aanze kumuuza yeye. Wakaliacha. Mdogo wa marehemu, Obeid, ambaye alikuwa utingo tangu ujana wake, akashika usukani, na maisha yakaendelea. Lori hilo ndilo lililomsomesha binti yake Matilda, ndilo lililoezeka nyumba, na ndilo lililoweka unga ndani ya debe hadi leo. Devota hakuwa na shamba la maana wala pensheni. Alikuwa na lori.

Mwaka huu kinu kikubwa kuliko vyote kule Ubaruku kilibandika tangazo getini: kuanzia mwezi wa saba, lori lisilo na kibandiko cha kijani halipakii. Kibandiko maana yake gari limefungwa chujio jipya la moshi. Eti wanunuzi wa mchele kutoka nje wanataka hewa safi tangu shambani hadi mezani. Chujio ni bomba nene kama mtungi wa gesi, hufungwa kwenye ekzosi. Ndani limejaa vitundu vidogo vidogo, na umeme huyaunguza masizi kabla hayajafika nje. Ni kitu kipya mno, hata mafundi wengi wa Nyanda za Juu walikuwa hawajakigusa, na kwa bei yake ungeuza lori lote na bado pesa isitoshe.

Hapo ndipo serikali ilipoleta ruzuku. Mwenye magari ya dizeli angefungiwa machujio bila kutoa kitu, ilimradi awe na magari yasiyopungua matatu, yawe yanatembea yenyewe, na yapite ukaguzi. Devota alikuwa na moja. Akaenda mjini kwa Gulam, mwenye duka la saruji na mabati, ambaye alikuwa na malori mawili yaliyochakaa na aliyemfahamu Adrian tangu enzi za kudaiana matairi. Wakaungana, wakaandika kikundi, wakajaza fomu. Gulam alisaini huku akicheka.

"Mama Matilda, mimi hii nafanya kwa ajili ya mzee wako," alisema. "Yangu mawili yakikataliwa nitapakia mabati. Lakini wewe utapakia nini?"

Ndilo swali lililomnyima Devota raha miezi miwili mizima.

Barua ikaja. Ukaguzi ungefanyika Iyunga, Mbeya, kuanzia Jumanne hadi Alhamisi. Magari yangepimwa moshi. Ni hivyo tu barua ilivyosema, kupimwa moshi, na Devota hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa mke wa dereva. Kila ukaguzi aliouona maishani mwake ulikuwa adui wa moshi. Askari wa barabarani husimamisha gari kwa moshi. Wiki ya usalama barabarani ikifika, gari lenye moshi hunyimwa stika. Na dawa yake kila dereva wa barabara ile anaijua: unakwenda kwa fundi, anafunga pampu. Anakaza boliti moja, dizeli inayoingia kwenye injini inapungua, na moshi unatoweka. Gari linakuwa zito kama mtu aliyeshiba ugali wa Jumapili, lakini nani anajali? Linapita ukaguzi, linapewa stika, kisha fundi anafungua pampu na kazi inaendelea. Adrian alifanya hivyo kila mwaka, na kila mwaka alirudi nyumbani na stika akipiga mluzi.

Basi Devota aliagiza pampu ifungwe. Hakuishia hapo, maana yeye si mtu wa kuishia hapo. Alinunua nozeli mpya nne, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini. Akasafisha chujio la hewa kwa mikono yake. Akaliosha lori kwa sabuni ya unga mpaka kwenye bodi ikaonekana rangi iliyosahaulika, akapaka matairi dawa ya viatu, na juu ya dashibodi akatandika vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe. Obeid alivitazama vile vitambaa kwa muda.

"Shemeji, hii gari tunaipeleka ukaguzi au tunaioza?"

"Endesha."

Alimpigia simu Gulam ili naye afunge pampu za malori yake. Gulam alikataa kabisa.

"Mimi napeleka magari kama yalivyo, mama. Wahenga walisema mficha uchi hazai."

"Na wahenga hao walisema upokee wageni wa serikali kwa masizi?"

"Hiyo hawakusema," Gulam alikubali, "lakini fundi wangu anataka pesa na mimi sitaki kumpa."

Ubahili wa mtu yule ulimchukiza Devota. Alimwona kama jirani anayekataa kufagia kwake siku ya harusi ya mtaa mzima.

Safari kutoka Iringa hadi Mbeya iliwachukua mchana kutwa na zaidi. Lori halikuwa na mzigo hata kidogo, lakini kila kilima kilikuwa msiba. Kuanzia Mafinga mpaka Makambako walipitwa na mabasi, na malori yenye makontena, na kuna mahali walipitwa na trekta. Devota hakuona aibu. Alichungulia nyuma kwenye kioo na kuona barabara nyeupe, safi, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu tangazo lile lilipobandikwa.

Uwanja wa ukaguzi ulikuwa juu ya kilima kifupi pembeni ya barabara kuu. Mkaguzi alikuwa binti mmoja anayeitwa Joyness, mhandisi, amevaa koti la kumeremeta na viatu vya kazi, na sura yake ilikuwa ya upole. Devota alimpenda hapo hapo. Alimsalimia, akamkaribisha kwenye lori kana kwamba anamkaribisha sebuleni.

Malori ya Gulam yalitangulia. Joyness aliingiza mrija kwenye ekzosi, dereva akakanyaga mafuta, na wingu jeusi likapanda hadi watu wa mamantilie ng'ambo ya barabara wakafunika masufuria. Devota aliinamisha uso kwa fedheha. Mashine ikasoma sabini na mbili. La pili likatoa sitini na nane. Gulam alijikuna kidevu.

Ikafika zamu ya lori la Adrian. Obeid akakanyaga, injini ikanguruma, na kwenye ekzosi hakikutoka chochote cha kuonekana kwa macho. Joyness aliitazama mashine, akauchomoa mrija, akaurudisha, akaitazama tena.

"Kumi na moja," alisema. "Mama, hongera. Gari yako umeitunza kweli kweli."

"Asante, mwanangu!" Devota alishika kifua. "Asante sana. Sasa chujio mnafunga lini?"

 Yule binti alimvuta pembeni, akamsogeza hata kwenye kivuli, na Devota alikuja kukumbuka baadaye kwamba watu wa hospitali nao humsogeza mtu kivulini wakiwa na neno baya.

"Mama, ruzuku hii ni ya magari yanayochafua hewa. Machujio ni machache, kwa hiyo tumeambiwa tuanze na yaliyo mabaya zaidi. Gari lazima lifike arobaini. Chini ya hapo linahesabika zima."

"Zima?"

"Zima, mama. Halihitaji chujio."

"Lakini kinu kinalihitaji!"

"Kinu hakiko chini yetu. Na kwa kuwa gari yako imetoka, kikundi kimebaki na magari mawili. Sharti ni matatu."

 Kwa karibu miaka ishirini Devota na jamaa zake walikuwa wameuficha moshi ule, walihonga ili usionekane, waliulalia na kuuamkia, na leo, siku ile moja tu moshi ulipotakiwa kwa heshima zote, yeye ndiye aliyeuacha nyumbani. Na hakuna aliyemtuma. Alijituma. Aliona uchungu, halafu hasira, na hasira yenyewe ikakosa pa kwenda isipokuwa kwake mwenyewe.

Alisema kweli yote. Alimweleza binti wa watu habari ya pampu, ya nozeli, ya stika za kila mwaka, mambo ambayo Adrian asingemwambia hata padri. Alipiga magoti kwenye changarawe. Joyness alimwinua haraka, macho yakiwa mekundu.

"Mama, usinifanyie hivyo. Sikiliza. Kuna kipimo cha pili kwa mwenye gari anayesema cha kwanza hakikuonyesha hali halisi. Ni mara moja tu. Lazima gari lije na mzigo, lipande hiki kilima, nilipime hapa juu likiwa bado la moto. Mwisho Alhamisi saa sita, maana saa sita nafunga mashine. Rudisha pampu ilivyokuwa siku zote. Umenielewa? Ilivyokuwa siku zote."

Gulam alikuwa amesikia. Alisogea akiwa ameshika kofia yake mkononi.

"Mama Matilda, kuna bwana wa Mbalizi ana malori mawili, anatafuta wenzake. Nimemwambia asubiri. Mpaka Alhamisi saa sita mimi ni wako. Baada ya hapo sina uwongo, nitaenda kwake."

"Utakuwa umenisubiri vya kutosha, Bwana Gulam," alisema Devota, ingawa moyoni alitaka amsubiri mpaka kiama.

Jumatano walimpata fundi pampu pale pale Iyunga, Saulo, Mnyakyusa mfupi mwenye mikono iliyoingiwa na oili mpaka ndani ya ngozi. Alisikiliza kisa chote, akakuna kichwa kwa spana.

"Mama, toka nianze kazi watu wananiletea moshi niutoe. Wewe wa kwanza kunitaka niuweke."

"Uweke," alisema Devota.

Saulo aliirudisha boliti kwenye alama yake ya zamani. Obeid akakanyaga. Ukatoka moshi wa kijivu, si haba, moshi wa lori la kawaida linalofanya kazi zake. Obeid akatoa kidole gumba dirishani. Lakini Devota alisimama nyuma ya ekzosi na kuutazama moshi ule kama mama anayetazama uji mwepesi. Je, huo ulikuwa arobaini? Nani aliyejua? Adrian alikuwa mtu wa kutunza gari. Na nozeli zilikuwa mpya, Mungu wangu, zile nozeli alizozinunua yeye mwenyewe. Huenda ni arobaini na tano. Huenda ni thelathini na nane. Malori ya Gulam yalikuwa yametoa wingu ambalo hata kipofu angelipima.

"Ongeza," alisema.

"Mama, hapa ndipo panapotakiwa."

"Ongeza kidogo."

Saulo akaongeza. Moshi ukawa mweusi. Devota akaona bado unapenya mwanga.

"Tena."

Saulo aliweka spana chini. "Nikuambie kitu, mama yangu. Dizeli ikizidi, injini inapata homa. Ukiipandisha kilima na mzigo, pistoni inaungua. Hata kesho hiyo hiyo."

"Shemeji, msikilize fundi," Obeid alisema akiwa bado ndani ya kabini. "Yule dada alisema kama siku zote. Mi' nilimsikia."

"Yule dada akija na thelathini na tisa wewe utanipa hiyo moja iliyobaki?" Devota alimgeukia, na sauti yake ikawapandia watu wa gereji hata wakaacha kazi. "Utanipa? Kilima chenyewe ni kifupi. Ni dakika mbili! Likishapimwa Saulo atarudisha. Tena, fundi. Ongeza."

Obeid alishuka, akaenda kukaa juu ya tairi bovu mgongo ukiwaelekea. Saulo akaongeza. Moshi uliotoka ulikuwa mzito hata mbwa wa gereji akahama. Devota alikohoa mpaka akatokwa machozi, na katikati ya kukohoa alicheka.

Alhamisi asubuhi walikwenda Uyole kuazima mzigo. Mchuuzi mmoja wa viazi, aliyekuwa akisafirisha na Adrian zamani, alikubali magunia yake yazungushwe Iyunga na kurudi. Saa nne na nusu walikuwa njiani. Kwenye barabara ya tambarare Obeid alikwenda taratibu, akigusa mafuta kwa ncha ya kiatu, lakini hata hivyo bodaboda waliokuwa nyuma yao walitukana kwa lugha tatu. Devota, aliyekaa kando ya dereva, alisikia kila tusi na kumshukuru Mungu kwa kila moja.

Saa tano na robo walifika chini ya kilima. Juu, kwenye geti, Joyness alikuwa amesimama na mashine yake, na pembeni yake Gulam, na madereva wengine waliokuwa wamesikia habari za mama anayeomba kukutwa mchafu. Kutoka pale chini hadi getini ni kama hatua mia tatu. Obeid akaingiza gia ya pili.

"Shemeji, hii temperecha imepanda."

"Panda."

"Inanuka vibaya."

"Obeid, kwa jina la kaka yako, panda."

Alikanyaga. Na lori la Adrian likatoa moshi ambao Iyunga ilikuwa haijauona. Ulitoka mweusi tii, ukafunika barabara, ukafunika genge la maparachichi, ukapanda juu ya mabati ya nyumba. Watoto wa shule walipiga kelele. Devota alitoa kichwa dirishani, akatazama nyuma na hakuona kitu, hakuona hata bodi ya lori lake mwenyewe, na furaha ikamjaa. Arobaini! Ule ulikuwa mia. Ule ulikuwa mia mbili.

Kisha kukasikika mlio ndani ya injini, kama mtu anayegonga mlango kwa nyundo. Mara tatu, mara nne. Lori likatetemeka, likapoteza nguvu, na likiwa limebakiza hatua kama hamsini kufika getini, likazima. Obeid alivuta breki ya mkono. Akajaribu kuwasha. Kilisikika kishindo kimoja kizito, na baada ya hapo ikawa kimya.

 Moshi ulikuwa ukiondoka polepole na upepo wa asubuhi. Saulo alitoka mbio gerejini kwake, akafungua boneti, akaondoa kifuniko cha oili, na moshi mwembamba wa bluu ukamtokea usoni. Akakirudisha kifuniko taratibu, akajifuta mikono, ingawa haikuwa imechafuka zaidi ya ilivyokuwa.

"Imetoboka," alisema. "Ndaga, mama. Pole sana. Hii injini imekufa."

Joyness aliteremka kilima akiwa amebeba mashine mwenyewe, mrija ukiburuzika nyuma yake. Alikuwa akikimbia.

"Wawashe tu," alisema akihema. "Hata hapa hapa. Sekunde thelathini zinatosha. Nitapima hapa hapa!"

Obeid aliinamisha paji la uso juu ya usukani na kuanza kulia kwa sauti, kama walivyolia siku ya mazishi ya Adrian.

Devota alishuka. Alizunguka nyuma ya lori, akaweka kiganja kwenye ekzosi kikaungua, akakiondoa bila kupiga kelele. Alimtazama Joyness.

"Moshi uliuona?"

"Niliuona, mama."

"Ulifika arobaini?"

"Mama, ulipita. Ulipita mbali."

"Basi andika."

Yule binti alimwonyesha kioo cha mashine, kimeandika sifuri. "Siwezi kuandika nilichoona. Inatakiwa namba itoke humu. Na gari…" Aliligeukia lori lililozima. "Gari lazima liwe linatembea."

Gulam alitazama saa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja, akamshika Devota mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Pole sana, mama Matilda, nitakupigia," na akaondoka akitembea haraka kuelekea kwa bwana wa Mbalizi, aliyekuwa akimsubiri getini. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Ikabaki dakika ishirini, na Devota hakuwa mtu wa kukaa chini zikiwa zimebaki dakika ishirini. Alichomoa kalamu kwenye mfuko wa koti la Joyness bila kuomba ruhusa. Akatoa nakala ya fomu ndani ya mkoba wake, akaigeuza upande usioandikwa, akavuka barabara mpaka kwa mama wa genge la maparachichi, ambaye alikuwa bado anayapangusa masizi matunda yake.

"Mama, samahani. Umeuona moshi wangu?"

"Nimeuona, mama. Nitaacha kuuona?"

"Ulikuwa mwingi?"

"Ulikuwa mwingi sana."

"Niandikie hapa jina lako na namba yako ya simu," alisema Devota. "Andika kwamba umeuona."

Yule mama alimtazama usoni, kisha akaitazama ile karatasi, akafuta mikono kwenye kitenge na kuandika. Devota alimshukuru, akaenda kwa mwenye bodaboda aliyefuata.